Ajala Isiwe Ajali



Mvua zinatuaga. Katika Juba na vitongoji vyake mvua hushika kiasi cha mwezi wa Aprili, hupungua mwezi wa Oktoba, na ifikapo katikati ya Novemba mtu huamka akaikuta mbingu safi, haina hata wingu moja. Matope ya njia yamekauka, wala vumbi la Januari halijaanza kutupofusha. Mtama umekomaa mashambani, karanga zinang'olewa, na ufuta umesimamishwa mafungu mafungu ukingoje kukauka. Nyasi zilizokuwa mbichi mwezi wa Agosti zimegeuka rangi ya dhahabu, na mlima wa Kujur, upande wa magharibi, waonekana kana kwamba umeoshwa jana. Majuma haya machache ndiyo matamu kupita yote kwa mtu apendaye kutoka nje ya mji kwa baiskeli, kabla nyasi hazijachomwa moto na kabla joto la Februari halijatufungia vivulini.

Nyumba nyingi za askari na polisi zina baiskeli. Lakini mara nyingi imeegemezwa ukutani uani, tairi zimelala, cheni imekula kutu, na kuku wamefanya kiti kuwa mahali pao pa kulala. Pikipiki za bodaboda zimeenea kila pembe ya mji, na watu wamesahau kwamba hata hilo neno bodaboda lilizaliwa na baiskeli: ni vijana wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, waliowabeba abiria juu ya keria za baiskeli kutoka mpaka huu hadi mpaka ule, katika miaka ya 1960. Injini ilikuja baadaye.

Kwa Kiarabu kisemwacho mitaani mwetu, baiskeli ni ajala. Kwa Kiswahili, ajali ni msiba. Herufi moja tu ndiyo inayoyatenga maneno hayo mawili, nasi leo tutazame jinsi ya kuilinda herufi hiyo.

Uvumilivu si dawa ya kila kitu

Askari hufundishwa kuvumilia. Akiumwa na mguu katika mwendo hasemi, akichoka hasemi, na tabia hiyo njema ya kazini huja nayo nyumbani. Basi siku ya mapumziko akipanda baiskeli, goti likaanza kumchoma, yeye hukaza meno na kuendelea. Baiskeli nayo ikianza kulia "kwi, kwi, kwi" katika gurudumu la nyuma, huivumilia vilevile. Mwisho wake ni kwamba goti huvimba, gololi husagika, na safari inayofuata haipo.

Neno langu la leo ni hili: juu ya baiskeli, sikio lafaa kuliko meno yaliyokazwa. Kila maumivu yana chanzo chake, na kila mlio una chanzo chake, na mara nyingi chanzo hicho huondolewa kwa spana moja na dakika tano. Asiyeziba ufa atajenga ukuta. Na katika nchi yetu ukuta huo ni mzito kuliko kwingine, kwa sababu mtu aliyekwama njiani hapa hawezi kujiendea porini kutafuta njia ya mkato, wala si vema usiku umkute barabarani.

Majeshi ya dunia yanalijua jambo hili. Uswisi iliunda kikosi cha askari wa baiskeli mwaka 1891, na kikadumu zaidi ya miaka mia moja. Wajapani walipoivamia Malaya mwezi wa Desemba 1941, maelfu ya askari wao waliteremka kusini kwa baiskeli, na tairi zilipokwisha waliendelea kwa rimu tupu mpaka Singapore ikaanguka Februari 1942. Mwaka 1954 Wavietnamu walisukuma baiskeli zilizobebeshwa zaidi ya kilo 200 kila moja, wakapeleka chakula na risasi hadi Dien Bien Phu. Baiskeli za namna hiyo hazibebi vita kwa bahati. Nyuma yao kulikuwa na mafundi, na viraka, na watu waliozikagua kila jioni.

Safari ya karibu: Rejaf

Mwanzo mwema kwa familia ni kwenda Rejaf, kusini ya mji, ambako ni zaidi ya kilomita kumi kidogo, mwendo wa saa moja na ushei kwa mtu asiye na haraka. Polisi wengi wanapajua kwa ajili ya mafunzo waliyoyapata huko. Wengine watapajua kwa kile kilima chake chenye ncha, kinachoonekana kutoka mbali kama kofia iliyowekwa ukingoni mwa mto.

Ukifika na watoto, usikose cha kuwaambia. Hapo Rejaf, tarehe 17 Februari 1897, jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Mbelgiji Louis Chaltin lilipigana na Wamahdi likawashinda. Hapo tena, mwaka 1928, ulifanyika mkutano wa lugha ulioamua ni lugha zipi za Kusini zitumike katika shule za msingi, na miongoni mwake zilikuwamo Kibari, Kidinka, Kinuer, Kishilluk na Kizande. Babu ambaye alijifunza kusoma kwa lugha ya mama yake alipata faida ya uamuzi uliofanywa chini ya kilima hicho. Na kusini zaidi ya hapo Nile Nyeupe ina maporomoko. Ndiyo maana meli zilizopanda mto kutoka kaskazini zilikomea pande hizi zetu.

Barabara kuu ya lami iendayo Nimule, ya kilomita 192, iliyokamilika mwaka 2012, siisifu kwa starehe ya familia. Ni njia ya malori na mabasi yaendayo kasi, na upepo wa lori lenye tela waweza kumwangusha mtoto hata kama halikumgusa.

Kiti kwanza

Sasa tuje kwenye mwili. Maumivu mengi ya mwendesha baiskeli hutoka kwenye kimo cha kiti. Iegemeze baiskeli ukutani, panda ukiwa umevaa viatu vya safari, ukanyage pedali iliyo chini kabisa kwa kisigino. Mguu unyooke sawasawa bila ya nyonga kuinama upande mmoja. Kisha rudisha wayo mahali pake, yaani ile sehemu pana iliyo nyuma ya vidole ndiyo ikae juu ya pedali. Goti litabaki limekunjika kidogo tu. Hicho ndicho kimo chako.

Ukiisha kukijua, ni rahisi kuyasoma maumivu. Goti likiuma upande wa mbele, kwenye pia ya goti, kiti kiko chini mno. Likiuma upande wa nyuma, kiti kiko juu mno. Na ikiwa mtu aliye nyuma yako anaona nyonga zako zikipanda na kushuka kama mizani ya sokoni, kiti kiko juu vilevile, na kesho kiuno kitakuambia.

Nyumba yenye baiskeli moja na watu wanne haina budi kuwa na utaratibu. Chukua rangi kidogo, utie alama kwenye mlingoti wa kiti: nyeupe ya baba, nyekundu ya mama, buluu ya kijana mkubwa. Kila mmoja kabla ya kupanda alegeze nati, aweke kiti kwenye alama yake, akaze. Lakini usiuvute mlingoti mpaka ukaribie kutoka. Vidole vinne vyake, au zaidi, vibaki ndani ya fremu, ama sivyo utavunjika na kumjeruhi mtu.

Makalio, mikono na kiuno

Kiti kilale sawa kama meza. Kikiinua pua juu, hubana mahali pasipofaa kubanwa na kuleta ganzi. Kikiinamisha pua, mwili huteleza mbele na uzito wote hulemea viganja. Maumivu ya makalio katika siku za mwanzo ni ya kawaida, nayo huisha mwili ukizoea, endapo utaanza kwa safari fupi fupi za robo saa au nusu saa kabla ya kwenda mbali. Suruali yenye mshono mnene katikati ya miguu ni adui. Mafuta ya lulu ambayo mama zetu huyatumia kwa ngozi, yakipakwa kidogo mahali panaposuguliwa, huzuia michubuko. Na penye mashimo usikae kama gunia: inuka kidogo, simama juu ya pedali, uyaache magoti na viwiko viuchukue mshtuko.

Viganja vikifa ganzi, jiulize mambo matatu. Je, viwiko vimenyooka kama fimbo? Vikunje kidogo. Je, mikono imekaa mahali pamoja kwa nusu saa? Isogeze. Je, tairi limejazwa upepo mpaka likawa gumu kama jiwe? Juu ya changarawe zetu punguza kidogo, ila si hadi rimu iguse mawe.

Kiuno huumizwa na mzigo na papara. Baiskeli nyingi za kwetu, zile kubwa nyeusi zitokazo India na China, zina gia moja tu. Mwenye gia moja asishindane na kilima. Ashuke asukume, wala hapana aibu. Mwenda pole hajikwai. Mzigo usiubebe mgongoni, ufunge chini kwenye keria kwa mpira, pande mbili zilingane.

Kuna ndugu zetu wengi wenye majeraha ya zamani, na wengine chuma kingali mwilini. Kwao baiskeli yaweza kuwa rafiki kuliko kukimbia, kwa kuwa kiti hubeba uzito ambao katika mbio hulemea magoti na vifundo. Hata hivyo mwenye jeraha amwone daktari kwanza, aende uwanda, aende polepole, na ageuze kabla hajachoka.

Jifunze pia kutenga maumivu na maumivu. Uzito wa mapaja unaokuja kesho yake na kuondoka kwa siku mbili tatu ni mwili unaojenga nguvu. Maji ya uvuguvugu, kukandwa na kutembea kidogo vyatosha. Lakini maumivu makali ndani ya kiungo, uvimbe, au ganzi isiyoondoka, ni amri ya kusimama. Na kifua kikibana, au pumzi ikikata, au jasho la baridi likitoka, safari imekwisha palepale, twende hospitali.

Kiu nayo isisubiriwe. Katika jua letu mtu huhitaji nusu lita hadi lita moja ya maji kwa kila saa ya mwendo, anywe kidogo kidogo. Karanga za kukaanga na kipande cha chumvi kwenye yai la kuchemsha hurudisha nguvu na kusaidia misuli isikakamae. Msuli ukikakamaa, shuka, unyooshe taratibu, uukande, unywe, usiulazimishe.

Baiskeli iliyotoka kwenye mvua

Mashine iliyopitia miezi saba ya mvua imekunywa maji. Kabla ya safari ya kwanza ya kiangazi, igeuze juu chini chini ya mwembe, uikague kutoka mbele kwenda nyuma.

Zungusha gurudumu la mbele. Likiyumba kushoto na kulia, spoku zimelegea. Zigonge moja moja kwa kijiti. Ile iliyolegea hutoa sauti nzito kuliko wenzake, na mtoto mwenye sikio zuri hupenda kazi hii. Kaza kwa robo mzunguko tu, kisha zungusha tena utazame.

Lishike gurudumu pande mbili, ulitikise. Likicheza, gololi zimelegea au zimesagika. Likilia, grisi imekwisha na maji yameingia. Hapo yafaa kufungua, kuosha gololi kwa mafuta ya taa, kuzihesabu, kutia grisi mpya na kurudisha. Asiyewahi kuifanya kazi hiyo aipeleke kwa fundi wa Konyokonyo au wa Custom, na asimame kando atazame, ili mara ya pili aifanye mwenyewe.

Cheni ioshwe kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, ikauke, ndipo itiwe tone moja moja la mafuta ya cherehani katika kila kiungo, kisha upanguse yaliyozidi. Wengi humwagia oili chafu ya gari. Hiyo hushika vumbi letu jekundu, na vumbi na oili vikichanganyika huwa msasa unaokula meno ya magurudumu. Cheni ikibonyezwa katikati icheze kiasi cha kidole kimoja. Ikilegea zaidi itatoka, ikikaza zaidi itakatika.

Breki mwishowe. Mipira yake iguse rimu, isiguse tairi. Sukuma baiskeli huku umeishika breki ya mbele: gurudumu la nyuma liinuke. Shika ya nyuma: gurudumu liburute. Baiskeli isiyofanya hivyo haitoki uani.

Mwiba wa lalobu

Hakuna mpenda baiskeli wa Juba asiyeujua mwiba wa lalobu. Una urefu wa kidole, ni mgumu kama msumari, na mti wake hauna haya kuyaangusha matawi njiani. Migunga nayo haiko nyuma. Pancha basi si jambo la labda; ni jambo la lini.

Hatuna budi kumkumbuka hapa yule daktari wa mifugo John Boyd Dunlop, aliyekaa Belfast, ambaye mwaka 1888 aliandikisha tairi lake la upepo baada ya kumtengenezea mwanawe lile la baiskeli ya magurudumu matatu. Alitupa starehe, akatupa na pancha.

Kila msafiri awe na mfuko mdogo chini ya kiti: pampu, viraka, solusheni, kipande cha msasa, vijiko viwili vya kutolea tairi, spana zinazolingana na nati za magurudumu, waya kidogo, na kipande cha urefu wa kiganja kilichokatwa kwenye tairi kuukuu. Tyubu ya akiba ikipatikana, ni heri zaidi. Thamani yake yote ni ndogo kuliko nauli ya gari litakalokuja kukuokota.

Kazi yenyewe ni hii. Toa gurudumu, toa upande mmoja wa tairi, vuta tyubu. Itie upepo, uipitishe karibu na shavu au mdomo, maana ngozi hapo huusikia upepo mwembamba. Penye maji izamishe utazame povu. Tia alama. Sugua kwa msasa hadi ng'ao iishe, mahali papana kuliko kiraka. Paka solusheni nyembamba, usubiri ikauke mpaka isinate kidoleni. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuwa hubandika ingali mbichi. Haraka haraka haina baraka. Bandika kiraka, ukikandamize kwa nguvu kutoka katikati kwenda pembeni.

Kabla ya kurudisha tyubu, upitishe mkono ndani ya tairi, taratibu, ukiwa umeushika kitambaa. Mwiba hutolewa palepale ulipoingilia. Asiyeutafuta atapanda, ataenda hatua mia mbili, na atashuka tena kwa pancha ileile. Mwisho, tyubu itiwe upepo kidogo ili isikunjike, na sehemu ya mwisho ya tairi isukumwe kwa vidole gumba, si kwa chuma, kwani chuma huitoboa tyubu mpya kwa mkono wa mwenyewe, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Tairi likipasuka upande, kile kipande cha tairi kuukuu ukiweke ndani, baina ya tyubu na pengo, kitakufikisha nyumbani. Na ikiwa viraka vimekwisha kabisa, zipo nyasi kavu. Zisokote, uzishindilie ndani ya tairi mpaka lijae. Mwendo hautakuwa mtamu, lakini rimu itapona. Nyasi hizo zing'olewe ukingoni, karibu na mguu wako. Sababu yake naieleza sasa.

Mambo yasiyovumiliwa

Nchi yetu imepitia vita virefu, na vita viliacha vitu ardhini. Kazi ya kuvisafisha imefanyika kwa miaka mingi, wala haijakwisha. Kwa hiyo juu ya njia iliyokanyagwa na watu kila siku, endesha. Nje yake, usiende, hata kwa haja ndogo, hata kufuata kivuli, hata kufuata mpira wa mtoto. Penye bango jekundu lenye fuvu, au mawe yaliyopakwa rangi nyekundu, geuza baiskeli. Chuma chochote usichokijua kisiguswe, kisipigwe teke, kisiletwe nyumbani kuwa pambo. Kumbuka mahali kilipo, umpashe habari polisi wa karibu. Sisi watu wazima wa nyumba za askari twayajua haya. Watoto wetu waliozaliwa mjini huenda hawayajui, na juu ya baiskeli ndipo pa kuwafundisha.

Kabla ya kutoka, uliza kituo cha polisi habari za njia siku hiyohiyo, si habari za juma lililopita. Msiende wawili, nendeni wanne au zaidi, na mwenye mwendo mdogo ndiye atangulie. Mwacheni mtu nyumbani anayejua mmekwenda wapi na mtarudi saa ngapi.

Saa yenyewe ihesabiwe vizuri. Tangu tarehe 1 Februari 2021 saa za nchi yetu zilirudishwa nyuma kwa saa moja, na wengine bado wanasahau maana yake jioni. Katika Novemba jua la Juba huzama kama saa 11 na dakika 35, na ifikapo saa 12 ni giza. Atokaye alfajiri aondoke saa 12 ya asubuhi arudi kabla ya jua kali. Atokaye baada ya ibada ya Jumapili awe amekwisha kugeuza ifikapo saa 10 alasiri, awe wapi awe. Kadiri kiangazi kinavyoshika, upepo huvuma kutoka kaskazini-mashariki. Kwenda Rejaf utakusukuma mgongoni ukajiona shujaa. Kurudi utakupiga usoni. Bakiza nguvu zaidi ya nusu.

Na mtoto anayebebwa. Wengi hupandishwa kwenye keria, miguu ikining'inia kando ya gurudumu. Kisigino cha mtoto kikiingia katika spoku, kidonda chake huchukua majuma mengi kupona, na pengine mfupa huvunjika. Kata kipande cha turubai au wavu mgumu, ukifunge pande zote mbili za gurudumu la nyuma, na mtengenezee pahali pa kukanyagia. Bila hivyo mtoto atembee. Mama na dada zetu wenye sketi ndefu au lawa nao wafunge pindo kwa pini, na mkingo wa cheni uwepo, kwa maana cheni haijui heshima ya nguo.

Kazi ya Jumamosi jioni

Nashauri, basi, safari ya Jumapili ianze Jumamosi saa 10 alasiri, uani, na kila mtu awe na kazi yake. Kijana mkubwa agonge spoku na kukaza nati. Binti apangue na kuurudisha gurudumu la nyuma, baba akiwa ameketi asitie mkono, mpaka aweze kuifanya kazi hiyo kwa dakika kumi na tano. Mdogo ajaze maji chupa na kuhesabu viraka. Mama aseme ni nani anayelalamika goti na kiti chake kipande au kishuke, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye husikia kile ambacho baba amekivumilia kimya.

Askari aliyepewa siku nne tu za kuwa nyumbani hana siku ya kupoteza kwa mwiba mmoja. Na mtoto ambaye amejifunza kumwambia baba yake, "Hapa panauma," akasikilizwa, akashushiwa kiti, amepata jambo litakalomfaa hata siku asipokuwa juu ya baiskeli.

Njia ya Rejaf ikiwa wazi juma hili, nyasi zingali za dhahabu. Juma lijalo, majaliwa, tutazungumza juu ya kuhifadhi karanga na ufuta ili visiote ukungu ghalani. Nawatakia mwendo mwema.